Keki ya ndizi zilizoiva kupita kiasi: kusoma dalili na kuzifikia sababu

Mtu anaponiletea kipande cha keki ya ndizi iliyoharibika ili nimwambie kilichotokea, swali langu la kwanza huwa moja: ulipima ndizi au ulizihesabu? Karibu wote huwa wamehesabu. Maelekezo yamesema ndizi tatu, naye amemenya tatu, bila kujali kwamba ndizi tatu za mtwike na ndizi tatu za kisukari hazilingani hata kidogo. Kwenye mizani yangu ya jikoni, ndizi moja nene ya mtwike iliyokwisha kumenywa hufika gramu 120, na kisukari kidogo nilichonunua kwa fungu pale soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, hakivuki gramu 50. Takriban robo tatu ya uzito wa ndizi ni maji, na katika ndizi iliyoiva sana sehemu kubwa ya kinachobaki ni sukari. Kwa hiyo anayekosea idadi ya ndizi huwa ameongeza au amepunguza maji na sukari bila kujua, na nyingi kati ya kasoro zitakazoelezwa hapa chini zinaanzia hapo.

Ili dalili zieleweke, ni lazima tuwe na kipimo kimoja cha kurejea. Mimi hutumia gramu 250 za unga wa ngano mweupe, gramu 300 za ndizi zilizopondwa, gramu 100 za sukari, mayai 2, mililita 100 za mafuta ya alizeti, robo tatu ya kijiko cha chai cha beking soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na iliki iliyotwangwa kwa kadiri mtu apendavyo. Chombo changu ni cha mstatili, urefu sentimita 23 na upana sentimita 13, na keki huiva katika oveni ya nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 55 hadi 65. Asiye na mizani atumie kikombe cha vipimo cha mililita 250: unga ni vikombe viwili vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu bila kushindiliwa, na ndizi iliyopondwa ni kikombe kimoja na robo, kasoro kidogo.

Kwanza, je, ndizi yenyewe inafaa?

Ndizi inapokuwa mbichi, wanga unaweza kufika sehemu ya tano ya uzito wa nyama yake au hata kuzidi hapo, na kadiri inavyoiva wanga huo hugeuka sukari, mpaka ganda linapojaa madoa meusi wanga uliobaki huwa mdogo sana. Ndiyo maana ndizi ambayo mteja wa sokoni anaikataa ndiyo mwokaji anayoitafuta. Weusi wa ganda peke yake si kuoza. Kinachopaswa kutiliwa shaka ni ukungu kwenye kikonyo, maji yanayochuruzika kutoka kwenye ufa wa ganda, nyama iliyogeuka ya kahawia yenye utelezi, na harufu ya chachu. Aliyewahi kukaa Bukoba anaijua harufu ya rubisi, pombe ya ndizi. Ndizi ikinukia hivyo ukiimenya, ujue kuchacha kumekwishaanza. Harufu nyepesi ya aina hiyo hupotea motoni, lakini uchachu wa ulimini haupotei, na binafsi ndizi iliyofika hapo sihangaiki nayo, hata kama kutupa kunauma. Vilevile ganda likiwa limepasuka na vinzi vidogo vya matunda vimeshatua, kata sehemu ile na uiache, kwa kuwa vinzi hivyo hutaga mayai penye ufa.

Upande wa pili kuna ndizi inayoonekana imeiva kumbe haijaiva. Ndizi iliyokatwa ikiwa changa, kisha ikavundikwa harakaharaka ili iwahi soko, inaweza kuwa ya njano nje hali nyama ya ndani ni ngumu, haina harufu, na ukiibonyeza kwa uma inakatika vipande badala ya kupondeka. Hiyo isubiri. Iweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na parachichi au embe lililoiva, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha uivaji, na kwa joto letu la Mwanza siku mbili au tatu hutosha. Kuziingiza ndizi na maganda yake katika oveni kwa dakika ishirini, kama wengine wanavyofanya, huzilainisha na kuzikoleza utamu kidogo, lakini ile harufu nzito ya ndizi iliyoivia ganda haiji kwa njia hiyo.

Dalili: nje imeiva, katikati ni mbichi

Hii ndiyo kasoro ninayoletewa mara nyingi kuliko zote. Msichana wa jirani yangu hapa Kirumba alikuja na keki yake ikiwa ingali na joto, akaikata mbele yangu. Pembeni palikuwa na ukanda wa kahawia uliopendeza, na katikati palikuwa na kitu cha kijivu kilichong'aa kwa unyevu na kushikamana na kisu kama ugali ambao haujaiva.

“Dada, mbona imenifanyia hivi tena?”

Nikamuuliza ametia ndizi ngapi.

“Tano tu, dada. Zilikuwa zinaharibika, nikaona nisizitupe.”

Zilikuwa zimebaki tano nyingine za chana lile lile, tukazimenya na kuzipima. Mizani ilisoma gramu 540. Kwa kipimo chetu cha gramu 300, yule binti alikuwa amezidisha gramu 240 za ndizi, na kwa kuwa robo tatu yake ni maji, ilikuwa sawa na kumwaga takriban mililita 180 za maji ndani ya bakuli, yaani karibu glasi nzima. Hakuna oveni inayoweza kuyakausha maji hayo katikati ya keki kabla kingo hazijaungua.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza ni uzito wa ndizi, na dawa yake si kuongeza unga kwa kukisia, maana unga ukizidi nao huleta ugumu. Ndizi zinazozidi zimenye, zipime gramu 300 kwa kila mfuko, kisha uzigandishe. Zinapoyeyuka hutoa maji mengi ya rangi ya chai. Usiyamwage, kwa kuwa ni sehemu ya zile gramu 300 na ndiyo yenye sukari na harufu. Ila umeme ukikatika usiku kucha na mifuko ikayeyuka, ioke siku hiyo hiyo badala ya kuigandisha tena.

Ikiwa ndizi zilipimwa vizuri na bado katikati ni mbichi, tazama rangi ya juu. Juu pakiwa peusi au pamekaukiana, moto ulikuwa mkali kupita kiasi: ganda la nje liliwahi kuiva na kukaza, na joto halikupata muda wa kuingia ndani. Vifundo vingi vya oveni za nyumbani si vya kuaminika, na kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kitakueleza ukweli ambao kifundo kinauficha. Shusha moto hadi nyuzi 165, ongeza dakika kumi na tano, na baada ya dakika arobaini funika juu kwa karatasi ya foili bila kuibana. Juu pakiwa bado na rangi ya maziwa, basi keki ilitolewa mapema tu, au chombo kilikuwa kirefu kwenda chini na chembamba kuliko kile kilichokusudiwa.

Kijiti cha kuchomekea kina mtego wake katika keki hii, kwa sababu kinaweza kupita kwenye kipande cha ndizi na kutoka kimelowa hali keki imeiva. Chomeka mara mbili, mahali pawili tofauti, na uangalie kama kilichoshika ni chembechembe za keki au ni uji wa unga. Mwenye kipimajoto cha kuchomeka atafute nyuzi 93 hadi 95 katikati. Maelekezo yanayotaka nyuzi 98 yasifuatwe huku kwetu: uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye takriban nyuzi 96, kwa hiyo keki yenye unyevu haiwezi kuvuka hapo mpaka iwe imekauka.

Dalili: chini kuna tabaka la utelezi, juu ni keki nzuri

Hii ni ndugu wa dalili iliyotangulia, ila chanzo chake mara nyingi ni namna ya kuponda na kukoroga. Ndizi iliyosagwa kwenye blenda mpaka ikawa laini kama juisi huachia maji yake yote kwa pamoja, na mchanganyiko ukiwa mwepesi sehemu nzito hutuama. Ponda kwa uma kwenye sahani, na uache vibonge vidogo vya ukubwa wa punje ya maharage. Sababu nyingine ni chombo kukaa juu ya bati baridi au kwenye oveni ambayo haijapata moto, hivi kwamba sehemu ya chini inachelewa kuiva. Washa oveni dakika kumi na tano kabla ya kuanza kuchanganya.

Dalili: iliumuka vizuri, kisha ikadidimia katikati

Hapa mahali tunapoishi panahusika moja kwa moja. Maelekezo mengi yameandikwa na watu walio kando ya bahari, na mwenye kuyajaribu Dar es Salaam au Tanga hupata matokeo yale yale ya mwandishi. Mwanza tuko zaidi ya mita elfu moja na mia moja juu yao. Hewa huku ni nyepesi zaidi, kwa hiyo gesi inayotolewa na kiumulishi hutanuka kwa urahisi zaidi. Keki hupanda haraka kuliko unga na mayai yanavyoweza kukaza kuta za vitundu, na kuta hizo zinaposhindwa kubeba uzito, katikati hubonyea. Kwa kila kijiko kimoja cha chai cha beking soda au beking pauda kilichoandikwa, punguza thumuni hadi robo ya kijiko. Ndiyo sababu kipimo changu kina robo tatu mahali ambapo wengi huandika kijiko kizima. Sukari nayo ipunguzwe kidogo, kwa kuwa inachelewesha keki kukaza, na ndizi za madoa meusi zimeshaleta sukari yao wenyewe. Ushauri unaotolewa kwa watu wa miinuko kwamba waongeze maji kijiko kimoja au viwili usiufuate katika keki hii, maana maji tunayo ya kutosha.

Ukishapunguza kiumulishi na keki ikaendelea kudidimia, jiulize mchanganyiko ulisubiri muda gani kabla ya kuingia motoni. Ndizi ina tindikali kidogo, na beking soda ikikutana nayo kwenye unyevu huanza kazi papo hapo, wala haingojei joto. Mtu anayechanganya kila kitu ndipo aanze kuwasha mkaa huwa ameiacha gesi itoke bure bakulini. Beking pauda huvumilia zaidi, kwa sababu aina nyingi hutoa sehemu ya gesi zikilowana na sehemu nyingine zikipata moto. Kufungua mlango wa oveni kabla ya dakika thelathini ni kosa linalojulikana na kila mtu na linaendelea kufanywa na kila mtu. Na umeme ukikatika katikati ya kuoka, usifungue. Oveni iliyofungwa hutunza joto kwa muda mzuri, na keki iliyokuwa imeshapita dakika arobaini inaweza kumalizika humo humo, ingawa itakuwa fupi kidogo.

Dalili: haikuumuka kabisa, nzito kama tofali

Jaribu kwanza viumulishi vyako, kabla hujazilaumu ndizi. Kijiko cha beking pauda katika nusu kikombe cha maji ya moto kinapaswa kutoa povu mara moja. Beking soda ijaribiwe kwa siki au ndimu. Povu likiwa dogo na la uvivu, kopo limekufa, na hilo hutokea upesi kwenye nyumba zilizo karibu na maji, ambako unyevu huingia kila kifuniko kinapoachwa wazi. Nunua kopo dogo.

Kosa la pili ni kuchanganya majina. Hamira ni chachu hai, kazi yake ni mandazi na mikate, nayo huhitaji muda wa kuumua. Ukiitia kwenye keki hii na kuipeleka motoni moja kwa moja, haitakufanyia lolote. Magadi yanayolainishia maharage nayo si beking soda. Ni makali zaidi, na huacha ladha ambayo hakuna vanila inayoweza kuifunika.

Kosa la tatu ni mkono. Unga wa ngano ukilowana na kukorogwa sana hujenga nyuzi zinazovutika, zile zile tunazozitaka kwenye chapati, na kwenye keki ya ndizi nyuzi hizo huleta ugumu na mashimo marefu yanayopanda kutoka chini kwenda juu kama njia za mchwa. Changanya vitu vyote vya majimaji kwanza, mayai, mafuta, sukari na ndizi, vikorogwe upendavyo. Kisha tia unga uliochekechwa pamoja na kiumulishi na chumvi, ugeuze kwa mwiko mara kumi na tano au ishirini, na usimame pale unga mkavu unapotoweka. Vibonge vidogo vikibaki, viache. Mashine ya kukorogea iache kabatini.

Dalili: ladha ya sabuni, au rangi isiyoeleweka

Ladha ya sabuni na uchungu kidogo kwenye koo hutokana na beking soda iliyozidi tindikali iliyopo. Hii huwapata hasa wanaopunguza ndizi na kuacha beking soda palepale, au wanaojaza kijiko kwa kilima. Sawazisha kijiko, na kama ndizi zako hazikufika gramu 300, jazia pengo kwa maziwa mgando, ambayo yana tindikali ya kuifanyia kazi soda.

Rangi nayo huzungumza. Keki ya ndizi iliyotiwa beking soda kwa kawaida huwa ya kahawia iliyokolea, kwa sababu soda huharakisha kugeuka rangi kwa sukari na protini motoni. Asiyependa weusi huo atumie vijiko viwili vya chai vya beking pauda, pungufu kidogo kwa ajili ya kimo chetu, na atapata keki ya rangi ya dhahabu. Ukiona ndani kuna ukijivu, uzambarau au madoa ya kijani, viasili vya rangi vilivyomo katika ndizi vimekutana na soda nyingi ambayo haikuchanganyika sawasawa. Chekecha soda pamoja na unga. Nyuzi nyeusi nyembamba zilizotawanyika ni zile zile za katikati ya ndizi, na hazina ubaya wowote. Aliyewahi kuziondoa moja moja kwa kibano, nami nimo, alipoteza jioni yake.

Dalili: chini imeungua, na jiko ni la mkaa

Wengi wetu huoka bila oveni: sufuria kubwa, mchanga chini, chombo cha keki ndani, mfuniko, na makaa yaliyopaliwa juu. Njia hii hutoa keki nzuri sana ikieleweka kwamba joto la chini linapanda siku zote na la juu linahitaji kusaidiwa. Anayegawa makaa nusu kwa nusu huunguza chini. Mimi hupanga theluthi moja ya makaa jikoni na theluthi mbili juu ya mfuniko, tena makaa ya chini nayasambaza pembeni ili katikati pabaki wazi. Mchanga uwe wa unene wa vidole viwili, na juu yake pawekwe vijiwe vitatu au kigae cha kuinulia chombo, ili hewa ya moto ipite chini yake. Sufuria ipate moto dakika kumi na tano kabla ya keki kuingia.

Ukitumia ndizi za kisukari, kuungua huja mapema zaidi, kwa kuwa utamu wake ni mkubwa. Punguza sukari ya bakulini hadi gramu 80 au hata 70, na hutaona upungufu ulimini. Kama chini huungua kila mara hata ukifanya hayo yote, tandika karatasi mbili za kuokea badala ya moja, au tumia chombo cha rangi nyepesi, kwa sababu chombo cheusi hufyonza joto zaidi.

Dalili: keki inanuka samaki

Nilidhani ni mimi peke yangu mpaka nilipoulizwa na watu watatu. Mchanga wa ziwani unaochotwa ufukweni na kumiminwa moja kwa moja kwenye sufuria huja na vipande vya makombe, mabaki ya majani na harufu ya dagaa walioanikwa karibu, na ukipata moto harufu hiyo hupanda na kujaa chini ya mfuniko ilipo keki. Chekecha mchanga, uoshe mpaka maji yatoke meupe, uanike juani siku nzima, kisha uukaange mkavu kwenye sufuria kwa nusu saa bila keki. Mchanga mbichi una kasoro nyingine pia: hutoa mvuke, na mvuke huifanya keki iwe na ngozi laini yenye kunata juu. Chanzo kingine cha harufu ni mafuta yaliyokwisha kukaangia sato na kurudishwa chupani. Huo si ubahili wenye faida.

Dalili: haina ladha ya ndizi, au inakwaruza ulimi

Keki isiyo na ladha imetokana na ndizi zisizo na harufu, na iliki haiwezi kuziba pengo hilo. Ndizi zinazotufikia kutoka Kagera, zile za meli ya Bukoba na zile za malori ya kupitia Kigongo na Busisi, ni za namna nyingi, na nyingi kati yake ni za kupika. Ndizi ya kupika hata ikigeuka njano na kulainika huweza kubaki na ukakasi, ule unaokausha mdomo na kufanya ulimi uwe kama umepakwa unga. Onja kabla ya kuponda. Ukakasi ulioko kwenye ndizi utaukuta kwenye keki. Muuzaji ukimwambia wazi, “Mama, nataka za kula, zilizoiva mpaka zinadondoka,” atakupunguzia na bei, kwa sababu fungu hilo kesho haliuziki.

Dalili: imeng'ang'ania chombo

Paka mafuta, tandika karatasi inayopanda kingo mbili, na keki ikitoka motoni isubiri dakika kumi ndani ya chombo. Ikitolewa mapema hukatika. Ikiachwa mpaka ipoe kabisa humo ndani, mvuke huigeuza chini kuwa tepetepe.

Dalili: siku ya pili juu panata, siku ya nne pana ukungu

Kunata kidogo siku ya pili ni kawaida, kwa sababu sukari ya ndizi huvuta unyevu kutoka ndani na kutoka hewani, na wapo wanaoipenda keki hivyo kuliko siku ya kwanza. Ukungu ni jambo jingine. Karibu kila mara keki iliyoota ukungu mapema ilifungwa ikiwa bado na joto: matone ya mvuke yalijikusanya ndani ya mfuko na kurudi juu ya keki. Iache juu ya wavu kwa saa mbili au zaidi mpaka katikati ya sehemu ya chini pasiwe na uvuguvugu ukiweka kiganja, ndipo uifunge kwa karatasi na kuiweka kwenye chombo chenye mfuniko. Katika miezi ya mvua za masika, Machi hadi Mei, mimi siiachi mezani zaidi ya siku mbili. Nyakati za ukavu hufika siku tatu, na ndani ya friji hukaa kama wiki moja, ingawa hukauka kidogo. Keki iliyoonyesha ukungu mahali pamoja itupwe yote, maana ni laini na yenye unyevu, na nyuzi za ukungu huingia ndani kuliko jicho linavyoona.

Iliyokauka tu bila ukungu bado ina kazi. Kata vipande vya unene wa kidole, vipake siagi kidogo pande zote mbili, na uvigeuze kwenye kikaango juu ya moto mdogo mpaka kingo zianze kuwa na rangi ya karameli, kisha viliwe na chai ya maziwa vikiwa moto.